Kikombe Kilichojaa

"Kishike kwa mikono yote miwili, Bibi," aliniambia mjukuu wangu, akinipa kikombe cha maji kilichojaa hadi ukingoni. "Haya, sasa nikasirikie."

Nilijaribu, nikashindwa. Nilikuwa nachunga maji yasinimwagikie mapajani. Tukacheka mpaka yakamwagika kweli. Wazo la kukijaza lilikuwa langu mimi: aliyeshika kikombe kilichojaa hana mkono wa kumrushia mtu.

Nyumbani tulimwita Daktari tangu alipomaliza saikolojia chuo kikuu. Majirani walitaniana wasimsogelee, asije akawasoma mawazo. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwomba hata hilo. Bahasha yake ya vyeti ilichakaa pembe kwa kutolewa na kurudishwa kabatini. Hospitali zilitaka mwenye uzoefu, shule zilitaka mwalimu wa hesabu. Mwishowe mjomba wake, mwanangu wa pili, aliyemsomesha kwa kazi ya kukata sabuni kiwandani, akavaa shati lake la harusi akaenda kumwombea kazi kwa mabosi wake.

Wakamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaambia watu kwamba hawana kazi tena. Mashine mpya zilikuwa njiani, watu arobaini walitakiwa watoke. Wakitoka bila kelele, Daktari angeajiriwa moja kwa moja.

Basi kila jioni mimi nilikalia kigoda pale sebuleni, nikifukuzwa kazi. Nilifukuzwa nikiwa mlinzi, nikafukuzwa nikiwa dereva, siku moja nikafukuzwa nikiwa mjamzito, na miaka yangu sabini na moja. Mimi niliyeishia darasa la saba nikawa namsahihisha msomi: usimpe pole mapema, atalia, usijifiche nyuma ya meza, mwache anywe amalize, ndipo umpe karatasi.

Jumapili moja, akikunja nguo, aliniuliza, "Na akiwa mtu anayenipenda, Bibi?"

Nilidhani ni maswali yao ya kitabuni. "Mtazame kwenye paji la uso, usimtazame machoni. Ataona kama unamwangalia."

Akaacha nguo, akaliandika hilo kwenye daftari.

Jumatano mwanangu alirudi saa sita mchana, koti la kazi amelikunja kwapani, viatu vina povu kavu la sabuni. Akakaa kwenye kigoda kile kile. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nilikwenda nacheka, Mama. Nilijua ananiita tunywe chai." Akayatazama magoti yake. "Alinipa maji, kikombe kimejaa pomoni. Nikayanywa yote, wala sikuwa na kiu. Na muda wote alikuwa akinitazama, lakini sijui alikuwa akitazama wapi."

Mimi nilijua. Nikainuka, nikaenda kumpashia chakula.

Arobaini wote walitoka kimya, na Daktari akaajiriwa. Kwa mshahara wake wa kwanza alininunulia kiti chenye mto, nisiumie tena mgongo kwenye kigoda. Nakikalia. Ni kiti kizuri.

Mwanangu hajui mpaka leo habari ya kikombe ilianzia wapi. Nikimtengea maji, namtilia nusu. Hulalamika kwamba uzee umenifanya mchoyo.