Mahari Iliyokwama Ng'ambo

Likwata wa Pande aliponituma Mitole kumposea Kibibi, alinipa maneno machache: mahari ipo, ila imekwama ng'ambo, kuna kesi ya biashara baina ya nchi yetu na nchi nyingine. Mshenga hubeba anachotwikwa. Nikabeba.

Mwenye kauli upande wa binti ni mjomba wake, Mzee Nurdin. Baba yupo, lakini kwao baba hukaa pembeni akaitikia.

"Kesi ya nchi na nchi?" akauliza Mzee Nurdin. "Huyu Likwata ninayemjua mimi, wa bodaboda?"

"Huyohuyo."

"Kumbe mtu mzito! Basi tutangoja."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Likwata alibeti mpira kwenye simu, kwa kampuni ya kisiwa kimoja cha mbali, akapata. Kabla hajatoa hela, serikali ikazifungia kampuni za nje. Kisiwa kikaenda kushitaki huko yanakoamuliwa mataifa yakigombania biashara: za kwenu mbona mmeziacha, kwani ubaya wa kamari unaanzia ng'ambo? Serikali ikajibu kwamba inalinda maadili ya watu wake. Hapo shauri likakaa.

Kule Mitole, Likwata akapanda cheo. Akija hutolewa kiti chenye mgongo. Mzee Nurdin humtambulisha, "Mkwe wangu, yule wa kesi." Watu wakawa wanamuuliza korosho zitauzwaje mnadani mwaka huu, maana mtu mwenye kesi na nchi za nje hakosi kujua. Naye anajibu!

Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa barazani kwa mzee, redio inasema. Likatajwa lile jina la kisiwa.

"Nyamazeni," akasema Mzee Nurdin, akaongeza sauti. "Kesi ya mkwe wangu hiyo."

Mtangazaji akasoma, taratibu kabisa, kwamba shauri la kamari za mtandaoni limeahirishwa tena.

"Nurdin," akasema mzee mmoja, "mkweo anafanya biashara gani vile?"

Baraza zima likacheka. Mzee Nurdin akazima redio, akanigeukia.

"Mshenga, ulijua?"

"Nilitumwa niseme kesi ya biashara."

"Sasa nakutuma mimi. Mpwa wangu haolewi kwa kamari. Ashinde, ashindwe, kwangu hana posa."

Nikainuka, nikatafuta viatu vyangu. Kibibi akatokea mlangoni, ungo mkononi. Alikuwa anapeta mchele ndani na alisikia yote.

"Mjomba, mahari ni ya nani?"

"Yako. Rudi ndani."

"Kama ni yangu, hela za simu sizitaki. Nataka Likwata aipulizie dawa ya salfa mikorosho ya mama msimu huu wote, mpaka maua yashike. Mwaka jana ugonjwa wa ubwiri unga ulitumalizia maua, tukavuna majani."

"Wa bodaboda huyo, salfa anaijulia wapi?"

"Atafundishwa."

Yule mzee aliyechekesha watu akasema, "Nurdin, wewe mwenyewe ulilima kwa wakweo misimu mingapi? Au umesahau jembe?"

Mzee Nurdin akaningoja nivae kiatu cha pili.

"Mwambie aje alfajiri, umande ukiwapo," akasema. "Maua yakishika, tutaita shehe. Yasiposhika asinione. Na kile kiti hapati."

Hukumu ilitoka mikorosho ikiwa maua matupu. Niliisikia nikiwa Lindi. Kisiwa kilisema kimeshinda, serikali nayo ikasema imeshinda. Nilipopita Mitole nikaenda shambani kumpa habari. Likwata alikuwa na mashine mgongoni inanguruma, kope zimegeuka njano kwa salfa, na Mzee Nurdin anatembea nyuma yake akiinamisha matawi, anayakagua maua.

"Kesi imekwisha!" nikapaza sauti.

"Eeh?"

"Kesi! Imekwisha!"

Likwata akataka kusimama. Mzee Nurdin akamsukuma begani.

"Twende, baba, twende. Umande unakauka, na bado ile miwili ya kisimani."