Mwenye Bahati Hununua

Fortunata aliifunga pesa ya mbolea kwenye kipande cha kanga, akapiga mafundo mawili, akamkabidhi mumewe kwa uangalifu kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Baba Lusungu, hii ni mifuko mitano ya kupandia. Ukitoka huko kwenye mipira yenu, pitia Mlowo. Mvua haitakusubiri umalize kucheza."

"Nimesikia."

"Na ya kahawa ulisema umesikia."

Ezron alilitia fundo mfukoni. Pesa ya kahawa waliigawa wote wawili mezani, siku ile ile chama cha ushirika kilipowalipa: ada ya Lusungu, mbolea, klachi ya fuso, na kidogo cha misiba, maana kijijini Ihanda misiba haikosi. Gofu haikuwemo kwenye mgawanyo ule, lakini ilikula kuliko vyote vilivyokuwemo. Ilianza na viatu. Zikaja fimbo za mtumba, ikaja ada ya klabu, ikaja nyama choma ya kila Jumamosi. Klachi ikasahauliwa. Fuso ilikuwa bado inatembea, ila kwa kubembelezwa, na siku nyingine ilishinda uani kuku wakitaga chini yake.

Aliyempeleka kwenye gofu ni Rabson, wakala wa forodha pale mpakani Tunduma. Rabson alioa Ihanda, kwa hiyo walikuwa mashemeji, na kwa lugha za kwao alimwita Ezron mulamu.

"Mulamu, wewe unafikiri mizigo inagawiwa getini kwa ghala?" alimwambia. "Getini wanasimama wasio na watu. Mizigo inagawiwa kwenye majani, watu wakitembea taratibu. Mzee Silwamba anacheza kila Jumamosi. Njoo akuzoee."

Mzee Silwamba ndiye aliyesimamia ghala kubwa la mbolea na nafaka mjini Tunduma. Msimu ukifika, mbolea yake ilishuka Momba mpaka Ivuna, na mahindi na mpunga vikapanda kurudi. Mwenye gari akipata mzigo wa Silwamba, mwaka wake umeshanyooka kabla haujaanza. Ezron alikuwa na fuso moja na mgongo unaouma. Akaenda akazoeleke.

Uwanja wenyewe ulikuwa ng'ambo ya Nanyala, kwenye shamba la kahawa ambalo wenye nalo waliondoka zamani. Mashimo tisa, mchanga umemwagwa kuyazunguka, na ng'ombe wa watu wanaokata katikati ya mchezo bila kuomba ruhusa. Jumamosi ya kwanza Ezron alimwona Mzee Silwamba, mtu wa miaka sitini na zaidi, ameinama kubeba begi zito la fimbo. Kwa malezi ya Ihanda, mzee habebi mzigo mbele yako nawe mikono inaning'inia. Alilipokea begi kwa mikono miwili, akalitia begani. Mzee akashukuru. Tangu siku hiyo begi likawa la Ezron. Alibeba la mzee bega la kulia na lake bega la kushoto, akazunguka mashimo tisa hivyo hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mzigo wa mbolea haukutajwa hata mara moja.

"Subira, mulamu," Rabson alisema. "Mkono mtupu haulambwi. Nunua nunua, utaonekana."

Rabson hakuwa mwongo. Alikuwa mtu anayependa meza yenye watu, hasa mtu mwingine anapolipa.

Jumamosi hii klabu ilijaa. Kulikuwa na wageni kutoka Mbeya, na Wazambia waliovuka kutoka Nakonde na magari yao makubwa. Uani moshi wa nyama ulikuwa umeshaanza. Walipokuwa wakijipanga kuanza, Rabson alimwonyesha mtu mmoja mnene aliyekuwa akicheka peke yake.

"Yule ana duka la vifaa vya ujenzi Vwawa. Mwaka jana aliingiza mpira shimoni kwa pigo moja. Moja tu! Sasa sheria ya gofu, mwenye bahati hiyo hununua. Anawanywesha wote waliopo klabuni, anayemjua na asiyemjua. Wanasema ilibidi auze pikipiki."

"Kwa hiyo amefilisika kwa kushinda."

"Lakini jina, mulamu! Hata Mzee Silwamba anamwita kwa jina."

Ezron aligusa fundo la kanga mfukoni, wakaanza.

Walifika shimo la saba jua limekaza. Ni shimo fupi, ila mbele yake kuna kichuguu kikubwa, na unapopiga huoni shimo, unaona ncha ya bendera tu. Mzee Silwamba akapiga. Mpira ukaangukia chini ya kichuguu. Rabson akapiga, ukaenda kwenye kahawa.

Ezron akaweka wake. Ulikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha, aliyochovya kwenye kichupa cha Lusungu. Jumamosi zote alikuwa anapiga huku akihesabu maagizo ya Rabson: goti, bega, macho, pumzi. Leo alichoka kuhesabu. Alipiga kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye mahindi, basi. Mpira ukapaa, ukavuka kichuguu, ukapotea.

"Weee!" Rabson akapiga kelele. "Umemeza nini leo?"

Rabson akaingia kwenye kahawa kutafuta wake. Mzee akabaki nyuma akifuta miwani. Ezron akatangulia na mabegi mawili, akazunguka kichuguu, akatazama mchangani. Hakuna mpira. Akatazama majani ya nyuma. Hakuna. Kisha, kwa kukosa pengine pa kutazama, akainama shimoni.

Ulikuwa mle, umekaa kando ya mti wa bendera, alama nyekundu imeangalia juu.

Mdomo ulifunguka wenyewe. Sauti ilikuwa imeshafika kooni, kubwa, ya mtu ambaye kwa miaka mingi hajapata kitu cha kupigia kelele. Hapo hapo upepo ukaleta kicheko cha watu wa klabu. Alikumbuka magari yaliyojipanga kama kwenye harusi. Akapiga hesabu ya wanywaji, akaiona mifuko mitano ya mbolea ikifunguliwa mmoja mmoja na kumiminwa kwenye glasi. Upande wa pili akaliona jina lake kwenye midomo ya watu, na Mzee Silwamba akigeuka kuuliza: huyu ni nani?

Nyuma ya kichuguu alisikia hatua za mzee. Ezron akaingiza mkono shimoni, akautoa mpira, akautia mfukoni pamoja na kile kipande cha kanga.

"Umeuona?" Mzee akauliza.

"Umepotea, Mzee."

"Umepotelea wapi? Ulikwenda vizuri kabisa ule. Mpira hauna miguu, bwana. Tutafute."

Ikabidi Ezron atafute. Alifunua majani kwa fimbo, akachungulia chini ya mibuni, huku mpira ukimgonga paja kila alipoinama. Mzee Silwamba naye alipiga magoti na suruali yake safi, akatafuta kama amedondosha pete ya ndoa. Ezron aliona haya, lakini alishachelewa. Uongo ukishapewa kiti, huwezi kuuambia usimame.

"Nimekuwa nataka kukuuliza," mzee alisema akiwa bado chini. "Wewe hasa unafanya kazi gani?"

"Nina gari, Mzee. Fuso. Nabeba mizigo."

Mzee aliacha kutafuta. "Una gari?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nilidhani wewe ni kijana wa Rabson wa kubeba mabegi. Nikawa nashangaa, mbona na ada analipa huyu." Alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Sasa kama una gari, mbona hukuleta maombi? Tangazo tumelibandika getini mwezi mzima, kwa wenye magari ya kupeleka mbolea Momba. Tumefunga jana. Hukupita pale?"

"Sikupita."

"Kwa nini?"

Ezron alitazama kwenye kahawa, alikoingia Rabson. "Niliambiwa mizigo inagawiwa huku."

"Huku?" Mzee akainuka, akapangusa magoti. "Huku mimi nakimbia mizigo, mwanangu. Daktari ndiye aliyenifukuza mezani, akasema nitembee. Mtu akinitajia mbolea hapa nahisi presha inapanda. Jana nimesaini magari kumi na mawili, na hata kuyaongeza siwezi, kuna kamati." Aliguna. "Mwakani. Mwakani uje getini kama wengine."

"Sawa, Mzee."

"Basi tuuache huo mpira, umekwenda." Akatoa mpira mpya begini mwake, begi lile lile begani mwa Ezron. "Chukua huu. Mtu asirudi nyumbani bila mpira."

Ezron aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofundishwa.

Alimaliza mashimo mawili yaliyobaki bila kukumbuka alivyopiga. Klabuni aliliweka begi la mzee taratibu kwenye benchi, akaaga. Rabson akamkimbilia hadi kwenye fuso.

"Unaondoka kabla ya nyama? Mulamu, leo mzee ameongea na wewe muda mrefu! Nimewaona! Leo ndiyo siku yenyewe, rudi ununue hata raundi moja!"

"Rabson, wewe umewahi kupita pale getini kwake?"

"Nikafanye nini getini?"

"Kweli, wewe huna gari la kuombea mzigo," Ezron alisema, akapanda gari. Klachi ililia, ikakubali.

Mlowo alinunua mifuko mitano. Alipofika Ihanda jua lilikuwa linaelekea kuzama na mawingu yamejaa upande wa Momba. Fortunata hakumsalimia kwanza. Alizunguka nyuma ya gari, akaugusa kila mfuko kwa kiganja, mpaka wa tano.

"Karibu nyumbani," ndipo akasema.

Jikoni Ezron aliweka mipira miwili mezani, akasimulia yote, kuanzia kichuguu mpaka tangazo. Alisimulia kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa taarifa ya gari lililokwama. Fortunata alisikiliza akichambua maharage.

"Wanywe watu wote?" aliuliza. "Kwani umewakosea nini?"

"Ni kwa sababu ya bahati."

"Bahati gani hiyo ya kudaiana?" Akaunyanyua mpira wenye alama nyekundu, akaupima mkononi. "Ndiyo huu?"

"Ndiyo huo."

"Kutoka mbali?"

"Kama kutoka hapa mpaka kanisani. Sikuwa naliona shimo."

"Na hakuna aliyejua."

"Hakuna."

Fortunata aliutazama ule mpira, kisha akamtazama mumewe, vumbi kwenye kope na mabega yote mawili yameshuka. Akauweka mpira chini. Halafu, bila kuinuka kwenye kigoda, akapiga kigelegele kirefu kilichowakurupusha kuku uani.

"Mama Lusungu!" Tabita, jirani, akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Kuna nini huko?"

"Mbolea imefika!" Fortunata akajibu.

"Hongereni!"

"Asante!" Ezron naye akaitikia, akainama kuvua vile viatu vya gofu.