Neno Ambalo Mdomo Wangu Hautaji

Darasa letu la jioni hapa Kasulu lilikuwa likitafuta mtu wa kuwafundisha Kiingereza wanaoanza, kila Jumamosi. Niliitaka nafasi ile kuliko kitenge kipya. Mwalimu Deborah alitoa sharti moja: kila mmoja achague maneno matatu ya Kiingereza yanayoanza na herufi Q, aeleze yalikotoka, bila karatasi.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, mwanangu Tunu amelala mgongoni. Nikaandika maneno yangu ubaoni.

"Quagga. Alikuwa mnyama wa kusini mwa Afrika, mbele ana milia, nyuma kama punda wa kawaida. Wakhoikhoi walimwita hivyo kwa kuiga mlio wake. Mnyama ameisha, jina limebaki."

"Maskini," alisema Jeanne, mwanafunzi mwenzetu.

"Quokka. Mnyama mdogo wa Australia, ana mfuko tumboni kama kangaruu. Waingereza walipofika, wenyeji walikuwa wameshampa jina zamani."

"Kumbe Waingereza nao huomba maneno kama sisi tunavyoomba chumvi kwa jirani!" alidakia Haidari, muuza vitenge. Tukacheka.

La tatu lilikuwa quinine, yaani kwinini, dawa ya malaria. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Baba mkwe wangu anaitwa Mzee Kwinini. Dawa hiyo ilimponya homa akiwa mchanga. Na sisi Waha, mke hatamki jina la baba mkwe. Mkono ulikuwa umeshaandika bila kufikiri. Lakini kuandika si kutamka.

"Sema, Mama Tunu," mwalimu alihimiza.

"Ni... ile dawa chungu."

"Mwalimu gani asiyetaja neno!" alisema Haidari. "Nafasi yangu hiyo, dada."

Nikakaza mbeleko.

"Watu wa milima ya Peru waliliita gome la mti 'kina'. Gome lilishusha homa, Wahispania wakalibeba pamoja na jina lake. Jina likapita midomo mingi, kila mmoja akalivuta kidogo, mpaka likafika hivi." Nikagonga ubao. "Haya, someni!"

"Quinine!"

"Sijasikia!" nikawaambia.

"Quinine!"

Tunu akaamka akilia.

"Ombeni Mzee Kwinini asipite barabarani sasa hivi," Haidari alisema, na mwenyewe akacheka.

Mwalimu Deborah alimtazama. "Maneno yako tuliyasikiliza tu, Haidari. La huyu tumelisema wenyewe, na huko ndiko kufundisha." Akanigeukia. "Jumamosi saa nane, Mama Tunu. Chaki ziko kabatini."