Waya Mahali pa Fyuzi

Jumatano, tarehe kumi na tano Julai. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito na manyunyu yasiyokatika, baridi ya kukunja vidole. Asubuhi ya namna hiyo gari lisilo na hita ni hatari: kioo cha mbele hujaa mvuke, na dereva huendesha kwa kubahatisha.

Gari la shule ya watoto wadogo lilifika gereji likivutwa kwa kamba. Dereva alishuka akichekacheka. "Shemeji, gari letu limejifunza kuvuta sigara," aliniambia. Nyuma yake akashuka mama mkwe wangu, ambaye ndiye mlezi wa watoto wale safarini. Yeye hakucheka. Alisimulia kwamba moshi mweusi ulianza kutoka kwenye dashibodi, mbele ya magoti yake, na watoto wakaanza kukohoa. Mmoja alikuwa amelala, ikabidi ambebe mgongoni. Waliwasimamisha wote kando ya barabara, kwenye manyunyu, mpaka gari jingine likaja kuwachukua.

Mimi na mume wangu ni mafundi umeme wa magari, na gereji yetu ni moja. Pale kila mtu humwita mume wangu Shoto, kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, na mimi pia humwita hivyo tukiwa kazini. Asubuhi hiyo alikuwa chini ya lori, upande wa pili wa ua.

Nilifungua dashibodi nikaitoa swichi ya feni ya hita. Plagi yake ilikuwa imeyeyuka na kushikana nayo. Plastiki ilikuwa imetiririka ikaganda kama nta, na nyaya mbili zilibaki shaba tupu, zimegusana. Nikajiuliza fyuzi ilikuwa wapi muda wote huo, maana kazi ya fyuzi ni kukatika mapema ili vingine vipone. Nikafungua kisanduku chake. Mahali pa fyuzi ya feni palikuwa na kipande cha waya mnene, kimekunjwa mara mbili na kuzungushiwa tepu.

Tepu ile ilizungushwa kinyume, kama anavyozungusha mtu wa mkono wa kushoto. Gereji yetu ina mtu mmoja tu wa hivyo.

Damu ilinipanda kichwani. Niliiweka bisibisi chini kwa sababu niliogopa ningeirusha. Nikaenda nyuma ya gari, nikaegemea mlango, nikaomba. Sikumwomba Mungu aniondolee hasira. Nilimwomba aniachie yote, ila ulimi wangu aushike Yeye.

"Mume wangu," niliita. "Njoo."

Hakuna aliyewahi kunisikia nikimwita hivyo kazini. Fundi wa rangi, aliyekuwa akipulizia mlango karibu nasi, alizima mashine yake. Shoto akatoka chini ya lori akijifuta mikono, akaona kile kipande cha waya mkononi mwangu, akajua.

Alianza kujieleza. Wiki iliyopita dereva alimlalamikia kwamba fyuzi inakatika kila mara, watoto wanapigwa na baridi, kioo hakionekani. Hakuwa na muda wa kuchunguza. Aliweka waya kwa siku moja tu, halafu akasahau. Alifanya kwa huruma, alisema.

"Huruma gani?" nilimuuliza. "Fyuzi ilikuwa inapiga kelele, wewe ukaiziba mdomo. Na aliyekaa mbele ni mama yako."

Akamtupia mama yake jicho la pembeni. "Basi badilisha swichi, yaishe," alisema. "Mpya iko kabatini."

Hapo ndipo hasira ilipochemka hasa. Nilichomoa mota ya feni chini ya dashibodi, nikaibeba hadi kwenye benchi, nikaiunga moja kwa moja na betri kwa waya wa unene uleule wa gari. Iliguna, ikazunguka kwa shida kana kwamba inasaga mchanga.

"Shika waya," nilimwambia. Akasita. "Shika."

Akaushika, na papo hapo akauachia, akapuliza vidole.

Nikamwambia swichi haina kosa. Mota imekufa nusu, inavuta umeme kupita kiasi, na swichi mpya nayo itayeyuka. Na kwa ule waya wake, safari nyingine kitakachoungua hakitakuwa plagi.

Dereva akaingilia. Watoto walitakiwa kurudishwa makwao saa sita, na yeye alikuwa tayari kuendesha bila hita, awe anafuta kioo kwa mkono. Shoto akadakia kwamba mota za aina ile ni za kutafuta kwa tochi, na gari likilala, shule itahamia gereji nyingine. Niliuchomoa ufunguo wa gari, nikautia mfukoni mwa ovaroli, nikafunga zipu.

"Unaniaibisha mbele za watu," Shoto alisema.

"Nakuaibisha mbele za watu walio hai. Shukuru."

Sote tukamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, gauni lake bado limelowa. Ni mama yake, si wangu, na nilijiandaa kuambiwa sina adabu. Yeye akasema kwamba mtoto mmoja, alipomshusha garini, alimuuliza kama mle ndani kuna jiko. Akamjibu ndiyo, kwa sababu hakuwa na jibu jingine la kumpa.

"Mke wako amesema kweli," alimwambia mwanawe. "Sasa sema wewe, nisikie."

Shoto akanong'ona kitu akitazama viatu vyake.

"Mimi sijasikia," mama alisema. "Dereva hajasikia. Na fundi wa rangi huyo hajasikia."

Mume wangu aliinua uso akanitazama. Nilitaka maneno yote, si nusu.

"Gari hili halitoki hapa mpaka nilipatie mota nzima na fyuzi yake halisi," alisema, kwa sauti iliyofika getini. "Na waya mahali pa fyuzi sitaweka tena, kwenye gari la mtu yeyote, hata kwa saa moja. Mama, nimesema. Mke wangu, nimesema. Na ninyi wote mmenisikia."