Meno ya Juu ya Mwinjuma

Mwinjuma wa Mkata alikuwa na meno yote, ila hakuna aliyeyaona. Ufizi wake ulikuwa umevimba na kukua, ukayafunika juu na chini, hata akicheka unaona nyama tupu. Angeishi hivyo mpaka kaburini, maana mhogo wa kuchemsha haudai meno makali. Aliyemponza ni Mashavu.

Mashavu alikuwa mjane kijana wa Mazingara, naye alimwambia bila kupepesa macho: "Nakutaka, Mwinjuma, lakini mume nitakayecheka naye lazima nimwone meno. Na hiyo harufu ya damu ya ufizi ikiisha, njoo kwa Bibi."

Bibi ndiye Chausiku, aliyemlea Mashavu tangu uchanga, mama yake alipofariki. Bila neno la Bibi, ndoa hakuna.

Mganga alitaka kumchoma ufizi kwa chuma cha moto. Mhunzi alishauri yang'olewe meno yote, ugomvi uishe. Jirani akasema Korogwe, karibu na stesheni ya gari la moshi, kuna daktari Mdachi, yaani Mjerumani, anayekata ufizi kwa kisu kidogo. Mwinjuma akachagua kisu, kwa sababu kilikuwa mbali, na mwoga hupenda mambo ya mbali.

Alitembea siku mbili. Alipokewa na msaidizi wa daktari, Stefano, Mshambaa wa misheni mwenye maneno mengi.

"Mficha uchi hazai," Stefano alisema. "Panua."

Daktari alichungulia, akanung'unika, Stefano akatafsiri. Ufizi wote haukatwi siku moja, damu itamwishia. Leo upande mmoja, wa pili baada ya wiki tatu. "Anauliza, tuanze juu au chini?"

"Juu!" alijibu Mwinjuma. "Mtu akicheka, ya juu ndiyo yanayosalimia watu."

Stefano alimtazama kama mtu mwenye la kusema, kisha akanyamaza. Mwinjuma akadhani ni wivu.

Wadachi aliowajua yeye walikuwa wa kuchapa watu hamsa ishirini za kiboko, lakini huyu alikuwa na mkono mwepesi. Alimchoma sindano ya ganzi, akakata taratibu. Mwinjuma alimwomba Mungu kwa Kizigua, akamtukana daktari kwa Kizigua hichohicho, na Stefano hakutafsiri lolote.

Alisukutua maji ya chumvi siku kumi. Siku ya kumi na moja Stefano alimpa kioo, naye akaona meno sita meupe ambayo hakuyajua. Machozi yakamtoka. Aliambiwa asubiri ya chini, lakini nani mwenye meno mapya hukaa Korogwe? Akashika njia ya Mazingara.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Mwinjuma akacheka kabla hakijasemwa cha kuchekesha. Ungo ukamponyoka Bibi Chausiku, mahindi yakatapakaa uani.

"Kigego!"

Hapo ndipo Mwinjuma alipokumbuka. Mtoto anayeota meno ya juu kwanza ni kigego. Huua ndugu zake kwa mkosi, na zamani hakuachwa aishi.

"Bibi, nina miaka thelathini na minane!"

"Kigego hana umri. Juu yametoka, chini hamna. Toka kwangu kabla hujatumaliza!"

Kisu hakikumuuma hivyo. Aligeuka kuondoka, huku akijilaumu kwa mdomo wake uliosema "juu". Mashavu akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Bibi, mimi ulinilelea shamba, porini kule, mpaka nikajua kutambaa. Watu wanasema ulikuwa unafukuza nguruwe. Mwenye kichanga anafukuza nguruwe gani?"

Bibi Chausiku alikaa chini, juu ya mahindi yaleyale.

"Mawili ya juu," alisema kwa sauti ndogo. "Yalitoka kama punje za mchele. Wangekuchukua, mjukuu wangu. Nikakufunika mdomo kwa kaniki, nikakaa nawe kule mpaka ya chini yakatoka."

Mashavu alipiga magoti, akamshika miguu. Mwinjuma hakujua aangalie wapi.

Bibi akachana pindo la kaniki yake, akamwita Mwinjuma kwa kidole. Akamfunga mdomo mwenyewe, akakaza fundo mpaka macho yakamtoka.

"Rudi Korogwe wakamalize ya chini," alisema. "Na njiani usicheke na mtu. Nilificha kichanga miezi minne hakikunishinda, sembuse zee zima kama wewe."