Lenzi ya Widad

Kadzo alianza kumwonea kijicho Widad siku Widad aliponunua kamera kubwa. Kwa miaka mitano walikuwa wakipiga picha za harusi pamoja mjini Malindi, kamera zao sawa, chakula chao sahani moja. Walitafutwa sana, kwa kuwa siku ya kupamba bibi harusi wanaume hawaingii. Ilipokuja kamera ile, wenye harusi wakawa na wimbo mmoja: "Picha za Widad! Pana, nyumba nzima imo!" Kadzo hutabasamu huku kifua kikimwaka. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera, huwaza, na leo nimekuwa mshika taa wake.

Akajiaminisha kwamba siri haikuwa jicho la Widad wala mkono wake. Siri ilikuwa ile lenzi yake fupi, nene, ya milimita ishirini na nne.

Siku ya kupambwa bibi harusi aitwaye Mwanasiti, Widad alikuwa uani akipiga picha masinia ya zawadi. Kadzo akafungua mkoba wa mwenziwe, akaitoa lenzi, akaifunga kwenye kamera yake. Ikaingia sawasawa. Akatangulia chumbani kwa nyanyake bibi harusi, aliyevunjika nyonga na hainuki kitandani. Mwanasiti aliketi ubavuni pake; mamake na shangazi zake wawili wakasimama nyuma.

Kadzo akachungulia kamerani. Bibi harusi yumo, nyanya hana kichwa. Akarudi nyuma. Nyanya yumo, mama hayumo. Akarudi tena hata mgongo ukagota ukutani, akapanda kiti, akajibanza penye pembe ya kabati. Shangazi mmoja bado yu nje.

"Mwanangu, kwema?" nyanya akauliza kwa sauti nyembamba. "Mie nachoka."

Hapo Widad akaingia, mkoba wazi mkononi. Akaitambua lenzi yake papo hapo.

"Nimeichukua mimi," Kadzo akasema, uso chini. "Sikukuomba. Na hainitoshi, wala sijui kwa nini."

Widad akanyosha mkono. Akaipokea, akaifunga kwenye kamera yake, akasimama palepale ukutani, akapiga. Wote watano wakaenea, na nafasi ikabaki.

Walipotoka kwenda uani ndipo Widad aliposema. "Lenzi haina kosa. Ndani ya kamera yako, kile kipande kinachopokea mwanga ni kidogo kuliko changu. Kinachukua katikati tu, kandokando zote zinapotea. Ishirini na nne kwako inaona kama thelathini na sita kwangu. Ukitaka upana huu, tafuta fupi zaidi, ya kumi na sita. Ungeniuliza, Kadzo, ningekwambia."

"Niwie radhi, dadangu."

"Na ujue, lenzi ndefu ya mia mbili kwako yafika mbali kama ya mia tatu kwangu. Ile picha ya machozi ya yule bibi harusi wa mwaka jana uliyoipiga kutoka mlangoni, mie nilishindwa kuipata. Iliniuma siku nyingi."

Kadzo akasisimka kwa furaha, kisha akaionea haya furaha yenyewe.

Wiki mbili Widad hakumpigia simu. Alipopiga, ilikuwa kazi ya Kilifi, na Kadzo akaenda. Wako pamoja hadi leo. Ila mkoba wa Widad sasa una kufuli, na Kadzo hajathubutu kuuliza habari za kufuli hilo.