Sauti ya Vilasini Mbele ya Duka la Sari

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Girija, sikukuu ya Onam ya mwaka juzi, tukimenya ndizi za kukaanga. Sikumkatiza. Girija ukimkatiza anaanza upya.

Girija anauza sari mjini Thrissur, kwenye duka la ghorofa lenye vioo vitupu. Kazi yenyewe hasa ni kusimama. Shata za chuma za mlangoni zikifunguliwa hukai mpaka zifungwe, hata kama hakuna mteja, hata kama una mimba. Ukiegemea ukuta kamera inakuona, na meneja Sukumaran anashuka. Wanawake wa duka lile walikuwa hawanywi maji, wasije wakaomba ruhusa ya chooni. Basi mwaka mmoja, wiki ya mwisho kabla ya Onam, mji mzima ukinunua nguo, wakabeba viti vya plastiki kutoka majumbani wakakaa nje, mbele ya mlango. Walichotaka ni kimoja tu: stuli ya kukalia mtu asipokuwa na mteja.

Sukumaran akatoka akawatazama. "Kaeni, mama zangu, kaeni mshibe. Onam ikiisha nina wasichana wapya, wana miguu mizuri."

Wateja waliviruka viti wakaingia. Siku zikaenda. Waume nyumbani wakaanza kununa, na viti vikaanza kupungua. Girija akaona kazi inaondoka na stuli haiji. Ndipo wakampigia simu Vilasini.

Sisi wa rika langu tumelia na Vilasini. Alianza filamu akiwa msichana wa shule, akawa mke anayeachwa, mke anayefiwa, mke anayejitupa kisimani. Alipofika miaka arobaini wakampa kuwa mama wa mwanamume aliyemzidi umri. Akakataa, akaanza kuongoza filamu zake mwenyewe, za wanawake wa viwanda vya korosho, na majumba ya sinema yakazionyesha wiki moja yakazitoa. Tangu hapo ukisikia wauguzi wamegoma, au wavuvi wanafukuzwa pwani, na yeye yupo, amekaa chini nao. Hakuna aliyemlazimisha.

Alikuja kutoka Kochi kwa gari lake dogo, kandambili miguuni, magoti yamemvimba. Watu wakajaa mara moja. Mabibi wakamshika mashavu. Akapewa kipaza sauti, akasema, "Dada zangu."

 Mtu mmoja akacheka.

Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza, kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta. Ile tuliyoijua sote ilikuwa nyembamba, tamu, inatetemeka kwenye kilio. Tulikuwa hatujui. Kwa miaka yote ile yeye alifungua mdomo tu, na sauti ikawekwa studio na mwanamke mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

"Huyu siye!" bibi mmoja akapiga kelele. "Mwanangu, tuletee Vilasini mwenyewe!"

Sukumaran akadakia kutoka mlangoni. "Wamekodi mtu! Hata mwigizaji wao ni bandia! Karibuni ndani, kuna kiyoyozi!"

Watu wakacheka, wakaingia ndani.

Girija akamsaidia Vilasini kukaa, aibu imemjaa. "Dada, tusamehe. Hata mimi nilidhani ile ni sauti yako. Niliililia siku ya harusi yangu."

"Wote mmeililia," Vilasini akasema. "Filamu yangu ya kwanza kuongoza niliweka hii yangu. Mwenye sinema akanipigia simu, eti watu wanasema spika zimeharibika." Hakucheka. "Nikasema siku moja watazoea. Nimengoja sana, Girija."

Girija kunyamaza hawezi. "Na mwenye sauti yu hai?"

"Ambujam? Yupo, anakaa nyuma ya kituo cha treni. Kwa nini?"

"Kesho aje. Wewe ufungue mdomo, yeye aseme."

Vilasini alimtazama kama mtu aliyeombwa figo. Alitazama viti vilivyobaki, na wanawake waliokuwa wakijikanda vigimbi vya miguu. "Nilikwisha kuvuka hapo," akasema. "Nilijiapiza sitarudi." Akafumba macho. "Mlete."

Asubuhi Ambujam akaja, mzee, mfupi, chupa ya maji ya moto mkononi. "Haya, nani ananiita kazini na uzee huu? Mimi nimesimama mbele ya maikrofoni mpaka mgongo umepinda, na hapo pia hakukuwa na kiti!"

Vilasini akapanga mambo kama anapanga filamu. Miavuli pale. Wanawake warefu mbele. Ambujam katikati yao na kipaza sauti, mahali anapoweza kuona mdomo wa Vilasini. Yeye mwenyewe akajifunga shali shingoni, na ikapitishwa habari kwamba jana alikuwa na mafua.

"Nikivuta pumzi, ndipo," akamwambia Ambujam.

"Unanifundisha wewe? Mimi pumzi zako nazijua kuliko mumeo."

Akavuta pumzi. Na ile sauti ikatoka, tamu, haijazeeka hata kidogo. Girija anasema nywele zilimsimama. Watu waliokuwa mlangoni wakageuka. Wengine wakashuka kutoka kwenye bajaji. Sauti ilisema habari za miguu, za mimba, za kiu, na mdomo wa Vilasini ukaifuata neno kwa neno, mabibi wakalia kama zamani. Kufika saa sita barabara ilikuwa imeziba, hakuna mteja hata mmoja anayeweza kuingia, na bibi yule wa jana akamtishia Sukumaran kwa mwavuli. "Lete viti, we mtoto! Huna mama?"

Simu zikapigwa juu, kwa mwenye duka. Sukumaran akashuka na jibu: stuli moja kwa wauzaji wawili, wapokezane.

"Moja kwa wawili!" Girija akafoka.

"Chukueni," Vilasini akasema kwa sauti yake, polepole, wasisikie wa mbali. "Watu hawa wana njaa. Saa moja ijayo hawapo."

Wakachukua. Girija akataka kuwaambia watu ukweli, ni nani aliyesema. Ambujam akaangalia chini. Vilasini akatikisa kichwa. "Waache wakanunue sari zao."

Vilasini hakuweza kuendesha gari kurudi Kochi kwa yale magoti. Wakaenda wote watatu nyumbani kwa Girija, wakala uji wa mchele na achari ya embe, bila maneno mengi, kisha wakajilaza sakafuni, mvua ikianza. Ambujam alikoroma kabla hajajifunika.

Vilasini akaanza kusimulia filamu anayotaka kutengeneza, ya mwanamke wa duka, kuanzia anapoamka. Aliieleza picha kwa picha, kwa ile sauti yake ya mashine.

"Unasikia, Girija?"

"Nasikia, dada. Endelea."

Akaendelea mpaka mwanamke wa filamu anafika dukani na kushika shata, anataka kuipandisha, na hapo maneno yakamkatikia mdomoni, akalala. Girija alingoja aone kama shata itapanda. Alingoja kidogo tu, naye akalala.